Boma la Atomiki Lina Matundu

Kila mfugaji wa Singida anaijua kazi ya boma la miiba. Ulijenge imara namna gani, mwakani mchwa wamekula nguzo, miiba imeoza, na fisi amekwisha kuona tundu. Basi huna budi kukata miiba mingine.

Nataka kuwasimulieni habari za boma jingine, linalolinda kitu cha hatari kabisa. Liko Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, penye tanuru la atomiki la kwanza katika Afrika nzima. Liliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, chuo cha Kikatoliki, na mkuu wa chuo alikuwa padre, Monsinyori Luc Gillon, Mbelgiji, mtaalamu wa fizikia. Urani ya Kongo, iliyochimbwa Shinkolobwe huko Katanga, ilikuwa imekwisha kutumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Tanuru hili lilikuwa la masomo na utafiti.

Mwaka 1971 serikali ilikitwaa chuo, na mwaka 1972 tanuru la pili, kubwa zaidi, likawashwa. Fedha za kujenga zilipatikana. Lakini katika miaka hiyo ya 1970 fimbo mbili zenye urani ndani yake ziliibwa! Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa majambazi waliotaka kuiuza. Ya pili haijaonekana.

Je, baada ya wizi huo boma lilitengenezwa? Mwaka 2006 maofisa wa ubalozi wa Marekani walikwenda kutazama, wakaandika waliyoyaona: uzio una matundu, na mahali pengine haupo kabisa, usiku hakuna taa, walinzi mara nyingi husinzia, wanafunzi hupenya uzioni kufupisha njia ya kwenda darasani. Tena, kando ya nyumba ya kuwekea takataka za atomiki palikuwa na shamba la mihogo. Mimi siwacheki walinzi wale. Mtu akiwekwa gizani, mbele ya uzio uliokatika, alinde nini? Tanuru lenyewe lilikuwa limezimwa mwaka 2004, lakini tanuru kuzimwa si urani kuondoka.

Mtasema ni umaskini. Kumbe hata penye mali nyingi mambo huharibika. Usiku wa tarehe 28 Julai 2012, huko Oak Ridge, Marekani, Sista Megan Rice, mtawa wa miaka 82 aliyefundisha shule miaka mingi Afrika Magharibi, alikata nyaya za uzio pamoja na wanaume wawili, wakafika ukutani pa ghala la urani ya mabomu. Ghala hilo liligharimu dola zaidi ya milioni 500. Waliandika maneno ya amani, wakanyunyiza damu, wakagonga ukuta kwa nyundo. Walinzi waliokuwa ndani walisikia nyundo, wakadhani ni mafundi! Kamera iliyopaswa kuwaonyesha ilikuwa mbovu kwa miezi, wala hakuna aliyeitengeneza. Sista alifungwa, akatolewa mwaka 2015 kwa hukumu ya rufani.

Sisi Tanzania hatuna tanuru la namna hiyo. Hata hivyo urani imeonekana Manyoni, mkoani petu, na huko Namtumbo, na wagonjwa wetu wa saratani hutibiwa kwa mionzi pale Ocean Road, Dar es Salaam. Ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake ni kusimamia mambo hayo. Vifaa vya mionzi vinahitaji mlango, kufuli, taa na mtu wa zamu, na daftari la kuonyesha nani ameshika funguo. Hivyo vyote huliwa na fedha za kila mwaka, wala havina sherehe ya kukata utepe.

Kwa hiyo mbunge au diwani akija kijijini kusifu mradi wa urani, mwulizeni kwa heshima: katika mwaka wa kumi, mshahara wa mlinzi umeandikwa katika fungu gani? Na balbu ikiungua, nani ananunua nyingine?