Jiwe Linalooza Juu ya Rumonge

Katika milima inayopanda mashariki ya mji wa Rumonge, Burundi, penye itale iliyokatwa na barabara au korongo, mara nyingi utakuta jiwe limeshalainika. Bado lina madoa yake ya zamani, ila ukilikwangua kwa panga linabomoka. Chembe za kwatzi zimebaki ngumu, ulanga ungali unameta, lakini zile chembe nyeupe au za waridi zilizokuwa sehemu kubwa ya jiwe zimekuwa unga unaonata vidoleni ukiulowesha. Chembe hizo zilikuwa feldispa.

Feldispa si kitu adimu. Ni jamii ya madini inayochukua takriban nusu au zaidi ya ganda la dunia, iliyojengwa kwa silika na alumini pamoja na potasiamu, sodiamu au kalisiamu. Kinachoiozesha ni mvua. Maji huchukua hewa ya kaboni dioksaidi angani, na kwa wingi zaidi ndani ya udongo wenye mizizi na majani yanayooza, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo ikipenya kwenye nyufa za jiwe hung'oa potasiamu na wenzake, na mabaki hujipanga upya kuwa udongo wa mfinyanzi.

Katika karne ya 19, nchini Ufaransa, mtafiti mmoja alitia kilo 3 za vipande vya feldispa na lita 5 za maji katika silinda, akaizungusha kwa saa 192. Ndani yake alikuta tope laini, na maji yenye zaidi ya gramu 12 za potashi, ile ile inayopatikana katika majivu ya kuni. Baada ya mwaka 1912, eksirei ziliwawezesha wataalamu kusoma mpangilio wa atomi ndani ya fuwele, na katika miaka ya 1930 umbo la feldispa likajulikana: silika na alumini zimeshikana pande zote, na potasiamu imefungiwa katika nafasi za katikati. Kwa hiyo haitoki upesi. Jaribio la silinda lilifaulu kwa sababu jiwe lilisagwa bila kupumzika. Mlimani kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka.

Habari hii inamhusu moja kwa moja mwenye michikichi. Mchikichi unakula potasiamu kwa wingi, na ukiikosa, majani yake ya zamani hupata madoa ya rangi ya chungwa. (Madoa hayo yana sababu nyingine pia, basi afadhali kumwita bwana shamba kabla ya kununua mbolea.) Kila tani ya mikungu mibichi huondoka shambani na takriban kilo 3 hadi 4 za potasiamu. Lakini mawese yenyewe karibu hayana potasiamu hata kidogo. Karibu yote hubaki katika mikungu mitupu, makapi na maji machafu ya kukamulia. Anayeuza mafuta na kurudisha mabaki chini ya miti yake hajauza rutuba ya shamba. Anayeyatupa mtoni ameitupa mali ambayo mwamba uliitoa kwa shida.

Je, tusage mawe tumwage shambani? Swali ni la haki, kwani watafiti wanalifanyia kazi katika nchi kadhaa za joto. Matokeo yanatofautiana. Udongo wenye joto, mvua na uchachu husaidia unga wa jiwe kuachia virutubisho, lakini feldispa ya itale hubaki mvivu, na mkulima anayehitaji mavuno ya mwakani asiitegemee peke yake. Atakayekuja kuuza unga huo kama dawa ya kila shamba aulizwe kwanza umejaribiwa wapi, kwa zao gani, na kwa misimu mingapi.

Mvuvi naye ana fungu lake. Silika inayoyeyuka mlimani husafiri na mito kama Murembwe na Dama hadi ziwa Tanganyika. Humo mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iitwayo diatomu, huitumia kujenga maganda yake. Vidudu vya majini hula diatomu, samaki aitwaye ndagala hula vidudu, na mwingine aitwaye mukeke hula ndagala. Jiwe lililoyeyuka taratibu linalisha ziwa. Udongo uliosombwa ghafla ni jambo jingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kaskazini mwa ziwa, pwani zilizopokea tope jingi kutoka milima iliyolimwa zilikuwa na aina chache zaidi za samaki wa kwenye mawe na viumbe wengine. Tusilibebeshe tope kila lawama: kupungua kwa samaki wa kilindini kunahusishwa pia na ziwa kupata joto na uvuvi mzito. Lakini udongo mpya huzaliwa kwa sehemu ndogo sana ya milimita kwa mwaka, na mvua moja kubwa juu ya mteremko mtupu hubeba zaidi ya hapo. Mistari ya nyasi na mitaro ya kukinga maji inastahili jasho lake.

Mwanafunzi anaweza kuanzia kwenye lile jiwe bovu. Alitie katika chupa ya maji, alitikise, aliache litulie: mchanga wa kwatzi utashuka kwanza, mfinyanzi utabaki ukielea kwa saa nyingi.

Kwa mama anayeponda kokoto, kwatzi hiyo ni hatari. Haiozi mlimani, wala haiozi mapafuni. Vumbi lake laini huleta silikosisi, maradhi yasiyo na tiba. Kitambaa puani hakilizuii vya kutosha. Kulowesha jiwe kabla ya kulivunja kunapunguza vumbi, na kukaa upande upepo unakotoka kunasaidia. Mtoto asikae karibu na nyundo.