Homa ya Mgonjwa wa Saratani ya Damu Haingoji Asubuhi

Mwaka 2021, korona ilipokuwa imetanda na kila kikohozi kikitiliwa shaka, mzee mmoja wa msikitini kwetu alinipigia simu saa saba usiku. "Ustadh, kijana ana homa. Tumpeleke hospitali au tusubiri?" Mwanawe alikuwa na saratani ya damu, na siku kumi nyuma alikuwa amepewa dozi ya dawa. Nilimjibu kwa nia njema: "Mzee wangu, huko kuna korona. Mpeni panadoli, asubuhi tutampeleka pamoja."

Jibu lile lilikuwa kosa, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Saratani ya damu huanzia ndani ya uboho wa mifupa, kiwandani mwa chembe za damu. Maradhi yenyewe hudhoofisha chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Nazo dawa za kuitibu, pamoja na kuua saratani, huua pia askari wachanga. Mara nyingi, baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, idadi yao hushuka mno.

Dawa hizo huchubua pia utando wa kinywa na wa utumbo. Bakteria wanaoishi matumboni mwetu bila madhara hupata upenyo na kuingia katika damu. Wengine hupitia ngozini, hasa palipowekwa mrija wa kupitishia dawa mshipani.

Usaha na uvimbe ni alama za vita vya chembe nyeupe; zikiwa chache, alama hizo huenda zisionekane. Homa ya nyuzi 38 yaweza kuwa ishara pekee, nayo ni dharura. Madaktari huchukua damu ili kuotesha vijidudu maabara, kisha huanza antibaiotiki ya mshipani, ikiwezekana ndani ya saa moja, bila kungoja majibu, ambayo huweza kuchukua siku kadhaa. Matibabu yakichelewa, shinikizo la damu huporomoka, na figo na viungo vingine hushindwa kazi.

Korona iliutia ugumu mtihani huu. Homa ni dalili ya maradhi yote mawili, na familia nyingi ziliogopa hospitali kuliko homa yenyewe. Hofu ile haikuwa bure, kwani korona humwelemea zaidi mwenye saratani ya damu, na hospitali nazo zilizidiwa. Nchini Marekani, maambukizi ya damu yatokanayo na mirija ya mishipani yaliongezeka mwaka 2020 baada ya kupungua kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, kujikinga na hatari moja hakukuondoa ile nyingine, iliyokuwa tayari ndani ya damu.

Panadoli ilimshusha kijana joto, nasi tukadhani amepona. Alfajiri alikuwa baridi, akipumua kwa kasi, hamtambui mama yake. Alilazwa wiki tatu. Kwa rehema za Allah alinusurika. Baba yake hajanilaumu hata siku moja, mimi najilaumu.

Enyi wenye wagonjwa wa namna hii, wekeni kipimajoto nyumbani, na namba ya simu ya wodi mahali panapoonekana. Msitoe panadoli kabla ya kupima joto na kuzungumza na wahudumu wake. Mkifika mapokezi, tangulizeni maneno haya: "Huyu anatibiwa saratani ya damu, na ana homa." Msimamishwe foleni pamoja na wengine mkanyamaza.

Nasi wageni tukumbuke kwamba kumzuru mgonjwa ni haki yake, na kumkinga na mafua yetu ni haki yake pia. Mwenye kikohozi na atume salamu na dua. Anayeingia anawe mikono.

Kamati yetu ya msikiti sasa ina orodha ya waumini wenye magari walio tayari kuamshwa usiku. Simu ya namna ile ikija tena, jibu langu litakuwa moja: "Mvisheni, gari inakuja."