Sura ya Kutisha ya Vichimbakazi katika Hadithi Fupi za Susanna Clarke

Utangulizi

Fantasia ni utanzu ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa burudani ya watoto, hasa inapohusu uchawi na viumbe wasioonekana. Makala hii inapinga mtazamo huo kwa kuchunguza mkusanyiko wa hadithi fupi wa mwandishi Mwingereza Susanna Clarke, The Ladies of Grace Adieu and Other Stories, uliochapishwa mwaka 2006. Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: kwa nini vichimbakazi wa Clarke wanaogofya? Hoja kuu ni kwamba hawaogofyi kwa kuwa ni waovu kwa asili. Wanaogofya kwa kuwa wanafuata sheria yao wenyewe, na mwanadamu asiyeijua sheria hiyo ndiye anayelipa gharama.

Ufafanuzi wa istilahi

Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kumlinganisha kichimbakazi na jini au zimwi. Ulinganishi huo unafaa kwa kiasi tu. Jini, kwa mujibu wa imani ya Kiislamu, ameumbwa kwa moto na anaweza kuwa muumini au kafiri. Kwa hiyo yumo ndani ya mpango wa kidini unaofahamika. Zimwi wa ngano naye hutambulika kwa ulafi wake. Kichimbakazi wa Uingereza na Ireland hana nafasi ya wazi namna hiyo. Ni jirani anayeishi chini ya vilima, mwenye wafalme, karamu na adabu zake. Katika masimulizi ya kale huiba watoto wachanga na wanawake, akaacha mbadala wenye sura zilezile.

Usuli wa kihistoria

Imani hiyo haikuwa mchezo. Mchungaji Robert Kirk wa Aberfoyle, Uskoti, aliyefariki mwaka 1692, aliandika juu ya viumbe hao kama mtafiti anayeeleza taifa jirani. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1815. Mwaka 1895, katika wilaya ya Tipperary nchini Ireland, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe, aliyeshikilia kwamba mkewe halisi alikuwa ametekwa na kwamba aliyekuwa nyumbani ni mbadala. Mahakama ilimtia mume hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Katika karne hiyohiyo, sanaa ya mijini ilikuwa ikimpunguza kichimbakazi hadi kuwa kiumbe mdogo mwenye mbawa. Tamthilia ya Peter Pan ilipoigizwa London mwaka 1904, Tinker Bell alionekana jukwaani kama nuru ndogo tu. Clarke anaipa kisogo picha hiyo laini na kurudi kwenye masimulizi ya kale.

Uchambuzi

Hadithi ya On Lickerish Hill inasimulia upya ngano ya Suffolk iitwayo Tom Tit Tot. Miranda ameolewa na mtu aliyedanganywa kwamba mkewe ni hodari wa kusokota nyuzi. Asipotimiza kiasi alichopangiwa, mume atamuua. Kiumbe wa ajabu anamfanyia kazi hiyo kwa sharti kwamba alitambue jina lake. Akishindwa, atakuwa mali yake. Ni rahisi kumwona kiumbe huyo kuwa ndiye tishio. Hata hivyo, mapatano yake ni ya wazi na anayatimiza. Tishio la kwanza limo ndani ya ndoa. Tukikumbuka yaliyompata Bridget Cleary, tunaona uzito wa jambo hili: hofu ya kichimbakazi inaweza kuficha hatari iliyo karibu zaidi.

Katika Mr Simonelli, or the Fairy Widower, usimulizi unafuata mtindo wa shajara. Simonelli, msomi wa Cambridge anayekuwa mchungaji wa kijijini, anakutana na John Hollyshoes, kichimbakazi ambaye mkewe amefariki kwa uzazi. Hollyshoes hana majonzi ya kudumu. Anatafuta mke mwingine. Simonelli anagundua kwamba wao wawili ni ndugu wa damu. Hapa kichimbakazi anakuwa kioo: ubinafsi tunaouona kwa Hollyshoes umo pia, kwa kiwango kidogo, katika majivuno ya msimulizi.

Hadithi iliyoupa mkusanyiko jina lake inahamishia swali kwenye uchawi wa binadamu. Wanawake watatu wanafanya uchawi wakati ambapo taaluma hiyo inahesabiwa kuwa ya wanaume. Wanautumia kuwalinda watoto wawili yatima, na adhabu wanayotoa ni ya kutisha. Clarke hawatakasi, anamwachia msomaji apime iwapo haki iliyopatikana gizani ni haki.

Kwa upande wa fani, mkusanyiko unafunguliwa na utangulizi wa profesa wa kubuni, na baadhi ya hadithi zina tanbihi. Mbinu hii huvalisha ajabu joho la kitaaluma. Matokeo yake ni kwamba msomaji huacha kuuliza kama vichimbakazi wapo, akaanza kuuliza wanatawaliwa na kanuni gani.

Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba ajabu katika hadithi hizi ni njia ya kupima mamlaka: ya mume juu ya mke, ya ukoo juu ya mtu mmoja, na ya taaluma juu ya wanaotengwa nayo. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hakutani na jambo geni hapa. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, marehemu anarudi kumhoji mjukuu aliye madarakani. Kwa hiyo, tunapohakiki fantasia, kipimo kisiwe umbali wake na uhalisia. Tuulize ni sheria gani inayofichuliwa, na ni nani anayelipa inapovunjwa.