Je, Wajua? Akili Inajua, Magoti Hayana Habari

Ukivaa miwani ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza, akili yako inajua fika kwamba uko darasani na wenzako wanakutazama. Mwili wako haujui lolote kuhusu hilo. Kabla zamu yako haijafika, soma haya.

Je, wajua kuwa ujanja wenyewe ni wa tangu 1838? Mwaka huo Charles Wheatstone, profesa wa King's College London, alieleza kifaa chenye vioo viwili vya kujitazamia. Kila jicho lilipata mchoro wake, uliotofautiana kidogo na wa jicho la pili, na ubongo ukaiunganisha miwili hiyo ukaona kitu chenye kina. Alitumia michoro kwa sababu upigaji picha ulikuja kutangazwa kwa umma mwaka uliofuata. Miwani ya leo inafuata kanuni hiyohiyo.

Je, wajua kuwa zamani ilikuwepo mashine yenye harufu? Mtengeneza filamu Mmarekani, Morton Heilig, alipata hataza ya Sensorama mwaka 1962. Ulikaa, ukaingiza uso kwenye kibanda, kiti kikatetema, upepo ukakupiga na harufu zikakufikia puani huku ukikatiza mitaa ya New York kana kwamba umepanda pikipiki. Hakupata mwekezaji.

Je, wajua kuwa mwanafunzi alikuwepo tangu mwanzo? Mtaalamu wa kompyuta Ivan Sutherland alipounda kifaa chake cha kuvaa kichwani, kilichotangazwa mwaka 1968, aliyemsaidia ni Bob Sproull, mwanafunzi wa Harvard. Mkono wa chuma ulishuka kutoka darini hadi kichwani kwa mvaaji ili kupima anakogeukia. Alichoona ni vitu vya mistari mitupu, mfano mchemraba ukielea hewani. Jambo kubwa ni kwamba alipogeuza kichwa, picha nayo ilibadilika, kama vitu vinavyofanya ukivizunguka.

Je, wajua kuwa mwaka 1995 Nintendo waliuza mashine ya michezo iliyoonyesha dunia nzima kwa rangi nyekundu na nyeusi tu? Iliitwa Virtual Boy, na taa nyekundu za LED zilichaguliwa kwa sababu ya unafuu wa bei. Haikumaliza mwaka sokoni.

Je, wajua kuwa wimbi la sasa lilianzia kwenye gereji ya wazazi? Palmer Luckey alianza kuunda miwani huko Long Beach, California, kabla hajafikisha miaka 20. Mwaka 2012 aliomba wananchi wamchangie dola 250,000 kupitia mtandao wa Kickstarter, akapata karibu dola milioni 2.4. Miaka miwili baadaye Facebook waliinunua kampuni yake, Oculus, kwa takriban dola bilioni 2.

Je, wajua kuwa miwani inaweza kuwa boksi? Mwaka 2014 Google walitoa Cardboard: karatasi ngumu ya kukunja, lenzi mbili, halafu unachomeka simu yako. Novemba 2015 gazeti la The New York Times liliwagawia wasomaji wake zaidi ya milioni moja. Na cha kutazama kilikuwepo: mwaka 2014, Google na Taasisi ya Jane Goodall waliweka mtandaoni picha za nyuzi 360 za vijia vya Hifadhi ya Gombe, kule Kigoma.

Je, wajua kuwa masikio nayo hudanganywa? Sauti ikitoka kulia, hulifikia sikio la kushoto kwa kuchelewa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo huitumia tofauti hiyo kujua sauti imetoka wapi. Programu huiga ucheleweshaji huo, nawe ukageuka kumtafuta mtu asiyekuwepo.

Je, wajua kuwa ukungu unaouona pengine si ubovu wa miwani? Mboni za macho ya mtu mzima hupishana kwa wastani wa milimita 63, lakini watu hatulingani. Miwani mingi ina sehemu ya kurekebisha umbali wa lenzi. Aliyekutangulia aliiweka kwa macho yake, kwa hiyo irekebishe kabla hujalalamika.

Je, wajua kuwa jua ni adui wa miwani hii? Lenzi zake hukusanya miale na kuielekeza kwenye skrini, na doa likishachomeka halitoki. Usiiache dirishani, lenzi zikitazama nje.

Je, wajua kwa nini wengine huchafukwa na moyo? Macho yanauambia ubongo kuwa unakimbia, na sikio la ndani, ambalo ndilo hupima mwendo na usawa wa mwili, linasema umesimama tuli. Anayesoma kitabu ndani ya basi linalopanda Lushoto hupatwa na ugomvi huohuo, ila kwake macho ndiyo yanayosema ametulia na sikio ndilo linaloyumba. Ili kupunguza tatizo, miwani ya Oculus Rift na ya HTC Vive ya mwaka 2016 ilionyesha picha 90 kila sekunde, na michezo mingi hukuhamisha papo hapo badala ya kukutembeza. Kijasho chembamba kikianza kukutoka, vua miwani na ukae. Kujikaza hakusaidii.

Je, wajua kuwa Stanford wana somo liitwalo Virtual People, lililoanza mwaka 2003? Mwaka 2021 lilifundishwa ndani ya uhalisia pepe, na wanafunzi zaidi ya 200 wakasoma wakiwa wamevaa miwani.

Je, wajua kuwa hofu ya bandia inayoletwa na miwani hii iliwahi kutibu hofu ya kweli? Mwaka 1995 Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao wa Atlanta, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo walioogopa urefu. Waliwapandisha kidogo kidogo kwenye roshani, madaraja na lifti ya kioo, vyote vya kompyuta. Hofu ikapungua kwa waliotibiwa, ikabaki palepale kwa waliokuwa wakisubiri zamu.

Je, wajua kuhusu shimo la Chapel Hill? Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliwaingiza watu kwenye chumba pepe ambacho sakafu yake imekatwa katikati, na mita 6 hivi chini kuna sebule yenye samani. Mapigo ya moyo yalipanda. Kisha wakaweka ubao halisi wa mbao, unene wake kama sentimita 4, mshiriki akasimama vidole vya miguu vikipita ukingo. Mapigo yakapanda zaidi, ingawa kuanguka kwenyewe kungekuwa kwa sentimita hizohizo 4.

Na je, wajua kuwa hata waliolirudia shimo hilo mara kadhaa waliendelea kushtuka? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa mshtuko ulipungua kadiri mtu alivyorudi, lakini haukuisha. Kwa hiyo wenzako wakikucheka umeng'ang'ania meza, usibishane nao. Wape miwani.