Kanga za Mama na Mkono Usiotajwa

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hiyo naiheshimu, lakini siku tulipofungua sanduku la marehemu mama, baada ya arobaini kupita, nilitambua kuwa ipo akiba ambayo huoza kwa sababu tu hakuna aliyejua kuwa ni akiba.

Chini kabisa ya sanduku lile, chini ya magauni ya sikukuu na mashuka, palikuwa na kanga kumi na moja zilizofifia rangi. Kama ilivyo desturi yetu, nguo nzima zilikuwa za kugawiwa ndugu na majirani. Zile kuukuu zilitengwa kwa ajili ya kupokelea watoto wachanga na kufutia meza. Mama mdogo, aliyekuwa akisimamia mgawanyo huo, alishangaa aliponiona nanyoosha mkono kwenye fungu la matambara.

"Mwanangu, hizo zimekwisha kazi. Chukua hii mpya, haijapindwa bado."

"Ahsante, mama mdogo. Nipe hizo hizo."

Ndugu msomaji, kazi yangu ni usanifu wa michoro. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimechora majalada ya vitabu, mabango, nembo na kadi za arusi. Kazi hii nilijifunza kwa kutazama vitabu vya michoro ya zamani ya Ulaya, nikistaajabia jinsi mabingwa wa huko walivyopanga rangi chache na herufi kubwa zikasomeka toka mbali. Jioni ile nilipozitandaza kanga za mama sakafuni nilishikwa na aibu. Yote niliyoyatafuta ng'ambo yalikuwamo nyumbani mwetu, na humo ndimo nilimobebwa mgongoni.

LESO SITA NA MKASI

Masimulizi ya asili ya kanga yanatupeleka kwenye nusu ya pili ya karne ya 19. Katika miji ya pwani yetu ziliuzwa leso za rangi, nguo ambayo jina lake limetokana na lugha ya Kireno. Leso hizo zilikuja zikiwa zimeungana katika jora, na muuzaji alizikata moja moja. Wanawake waliona mbali zaidi. Walinunua leso sita zilizokatwa tatu tatu, wakaunga vipande viwili kwa sindano, wakapata vazi moja pana ambalo halikuwahi kuonekana popote. Ndiyo maana hata leo wako wenzetu, hasa Mombasa, wanaoiita kanga leso. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo iliyochapwa pana tangu kiwandani. Na kwa kuwa baadhi yake ilikuwa na madoa meupe kama ya ndege kanga, inasemekana jina likashika.

Kwa hiyo msanifu wa kwanza wa kanga alikuwa mwanamke mwenye mkasi. Kiwanda kilikuja nyuma yake, kikiiga.

Wala kanga haikuwa pambo tu. Katika Zanzibar ya karne hiyo, watumwa walivishwa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki nyeusi. Utumwa ulipofutwa kisheria huko mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika hali hiyo waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Kuchagua ua la kuvaa, kwa mtu ambaye jana hakuwa na hiari ya kuchagua lolote, halikuwa jambo dogo.

PINDO, MJI NA JINA

Kanga ina upana wa kadiri ya sentimeta 150 na kimo cha kadiri ya sentimeta 110, na huuzwa kwa doti, yaani mbili pamoja, ambazo mnunuzi huzikata na kuzipinda. Mchoro wake una sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayokaa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Maneno hayo hapo mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaandikwa kwa herufi za Kilatini.

Kanga za mama nyingi zina rangi mbili au tatu tu juu ya weupe wa nguo. Uchache huo ulitokana na gharama, kwani kila rangi iliyoongezwa ilidai rola yake, au fremu yake, katika kuchapa. Hata hivyo, wachoraji wale walikigeuza kikwazo kuwa hekima. Mathalani, iko kanga moja yenye korosho, ile alama iliyopinda ncha ambayo wachapaji wa India waliitumia zamani sana. Mchoraji aliacha weupe wa nguo uwe ndio mwili wa korosho, akapaka rangi pembeni tu, akaokoa rangi nzima. Nimekaa na mchoro huo usiku mwingi na bado naufurahia.

MALI YA NANI?

Kwenye ukingo wa kanga nyingi kuna maandishi madogo: alama ya mwenye biashara na namba ya mchoro. Alama mashuhuri kuliko zote ni ile ya "Mali ya Abdulla," ya mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, anayesifiwa kuwa mwanzilishi wa kutia misemo katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga za soko letu zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Kiwanda cha Vlisco cha mjini Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, ni kimoja kati ya vile vilivyotuchapia tangu karne ya 19. Baada ya uhuru tulianza kuchapa wenyewe. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Basi ukingo wa kanga unatuambia ni mali ya nani. Hautuambii kamwe nani aliyeichora. Mkono uliolipinda lile ua umebaki bila jina, na kwa kuwa kanga huvaliwa mpaka ikaraa na kuchanwa, hata kazi ya mkono huo hupotea jikoni kwetu.

SOMO LA MAMA MDOGO

Nilikuwa katika fikira hizo binti wa kaka yangu alipokuja kunitembelea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunataka kanga ya arusi yangu, lakini ifanane na zile za zamani."

Nilifurahi mno, na furaha ikanipotosha. Nilikipiga picha kisutu cha mama, ile kanga ya arusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikaiingiza picha katika kompyuta, nikaongeza rangi mbili ili ipendeze zaidi, na jina nikaliweka juu kama kichwa cha bango. Ikachapwa doti moja ya majaribio, nami nikampelekea mama mdogo nikitarajia sifa.

Hakusema neno. Alijifunga moja kiunoni, nyingine akajitanda kichwani ikaanguka hadi chini ya nyonga, kisha akanipa mgongo.

"Soma."

Hapakuwa na cha kusoma. Jina lote lilikuwa limefunikwa.

"Hii umeichora ya kutundika ukutani," alisema. "Kanga huvaliwa, mwanangu."

Nilirudi nyumbani nikaanza upya kwa penseli. Kisutu cha mama sikukinakili tena; nilijifunza kwacho. Rangi zikawa tatu, pindo likapata uzito wake, na jina likashuka mahali pake. Maneno yenyewe aliyachagua bibi arusi, na siyataji hapa kwa kuwa yapo yanakomlenga mtu. Kwenye ukingo niliandika mwaka, na jina la mchoraji.

DAFTARI

Siku hizi nina daftari la mistari ambamo kila kanga ya mama ina ukurasa wake: rangi, maneno, namba ya ukingoni, nani alimpa na ilivaliwa siku gani. Mama mdogo ameweza kunieleza habari za kanga nne. Moja ilinunuliwa siku nilipozaliwa. Nyingine mama alimnyima shoga yake, wakanuniana mwezi mzima.

Kurasa saba ziko wazi. Mwenye habari zake nilikaa naye nyumba moja kwa miaka mingi, na sikumwuliza.

Ndugu msomaji, iwapo mama yako yu hai, Jumapili hii mwombe afungue sanduku. Keti naye mkekani, uwe na kalamu mkononi, umwulize juu ya kila kanga moja moja. Zile zilizochakaa kabisa atakuambia hazina kazi. Anza na hizo.