Penseli Humfunza Mtu Kuona

Kuna dhana iliyozagaa miongoni mwa wazazi, na hata baadhi ya walimu wetu, kwamba kuchora ni mchezo wa kumpumzisha mtoto baada ya hesabu. Siafikiani nao hata kidogo. Kuchora ni kutazama.

Nimewahi kuwataka wanafunzi wa sekondari wachore baiskeli bila ya kuiangalia. Huiona kila siku. Wengine huja nayo shuleni. Hata hivyo, wapo waliozungusha mnyororo kwenye magurudumu yote mawili, ilhali baiskeli ya namna hiyo isingeweza kukata kona. Nikawaambia wachore ng'ombe. Masikio yakapandishwa juu ya pembe! Walipotoka nje na madaftari wakamkabili ng'ombe mwenyewe, penseli zilikwama palepale penye shaka, na macho yakalazimika kurudi kuuliza. Anayetazama tu huridhika na jina. Akishasema "ng'ombe", amemaliza. Anayechora hana budi kuamua sikio linaanzia wapi.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal alichora kwa mkono seli za ubongo alizoziona kwenye hadubini. Camillo Golgi wa Italia, aliyevumbua mbinu ya kuzitia rangi seli hizo, aliamini kwamba zimeungana kama wavu mmoja. Cajal, kwa mbinu iyo hiyo, alishikilia kwamba kila seli imesimama peke yake. Wote wawili walituzwa Nobel mwaka wa 1906, lakini utafiti wa baadaye ulimpa haki Cajal. Sidai kwamba penseli pekee ndiyo iliyomwongoza, nasema haikumpoteza.

Hapa kwetu, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Sanaa na Ufundi ilitahiniwa katika darasa la nane. Ilipoondolewa kwenye mtihani mwanzoni mwa miaka ya 2000, vipindi vyake vilimezwa na masomo mengine. Mtaala wa umilisi umeirejesha sanaa, lakini mazoea ya kuiba vipindi hayafutwi na waraka.

Mwalimu wa Biolojia asingoje. Ampe kila mwanafunzi panzi, vitabu vifungwe, kisha aone ni wangapi watakaogundua kwamba miguu yote sita imeota kifuani. Nusu saa kwa juma yatosha, na karatasi si lazima ziwe mpya. Hata migongo ya mitihani ya muhula uliopita itafaa.