Lamadi na Vijiji vya Ukingo wa Ziwa

Mazungumzo haya ni juu ya mahali ambapo wengi hupita na wachache hushuka. Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma, akiisha kuipita Magu na Nyashimo, hufika penye njia panda iitwayo Lamadi. Mkono wake wa kushoto yako maji ya Ghuba ya Speke. Mkono wa kulia barabara yajitenga kwenda Bariadi. Na mbele kidogo, kabla ya kufika Bunda, liko lango la Ndabaka, waingiliapo watu Hifadhi ya Serengeti kwa upande wa magharibi. Basi ziwa, njia kuu na wanyama wa mwitu vimekutana karibu karibu, na katika mkoa wote wa Simiyu hapana pengine palipo namna hiyo.

Mkoa wa Simiyu ulifanywa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu yakawa Bariadi. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 2,140,497. Wengi wao ni watu wa nchi kavu, walimaji wa pamba, mahindi, mtama na mpunga, na wafugaji wa ng'ombe; na katika wilaya zake tano ni Busega peke yake iliyogusa Ziwa Victoria. Kwa hiyo ukingo huu mfupi ndio mlango wa maji wa watu hao wote. Wageni wenye fedha wameanza kuutazama kwa macho ya kutamani, na kwa sababu hiyo yafaa habari zake zielezwe vizuri kwa mgeni, na kwa mwenyeji pia.

Tusidanganyane juu ya sura ya Lamadi yenyewe. Hapo zamani palikuwa kijiji, na siku hizi pamekuwa mji mdogo wa mabati, maduka, nyumba za wageni na malori yaliyosimama kando ya njia. Usiku taa hazizimwi, kwa kuwa mabasi ya Sirari na ya Mwanza hupita saa zote. Atakaye uzuri wa nchi na aondoke barabarani, ashuke kwenye vijiji vya ziwani, au apande kwenye vile vya Mkula na Lutubiga. Huko ataona miamba mikubwa iliyopangana kama iliyowekwa kwa mkono, mashamba ya pamba na viazi, na maji ya ghuba yakimetameta kwa mbali.

Ghuba hiyo ilipewa jina la Mwingereza John Hanning Speke, aliyeliona Ziwa upande wa Mwanza mwaka 1858. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 1875, Henry Morton Stanley alifika Kageye, kwenye ghuba hii hii, na wapagazi waliochukua mashua yake Lady Alice vipande vipande tangu pwani ya bahari. Akaiunganisha hapo, akaanza kulizunguka Ziwa. Lakini mitumbwi ya wenyeji ilikuwa ikivuka kwenda Ukerewe na kurudi kabla mashua hiyo haijachongwa.

Sasa tuingie katika kazi za watu. Mgeni akiuliza utajiri wa ukingo huu uko wapi, wengine watamwonyesha sangara, samaki mkubwa aliyetiwa ziwani katikati ya karne iliyopita, ambaye hununuliwa mwaloni na magari ya barafu, na bondo lake husafirishwa hata Uchina kwa bei ya kushangaza. Si uongo. Lakini biashara ya sangara imekwisha kushikwa na wenye mitaji mikubwa na viwanda vya Mwanza na Musoma. Kwa maoni yangu jambo la kutazamwa zaidi ni dagaa, yule samaki mdogo kama kidole ambaye mwenye fedha humdharau.

Dagaa huvuliwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika, wakashona nyavu. Mwezi ukipotea, mitumbwi hutoka jioni na taa zake. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Aliye ufukoni huona ghuba imejaa nuru kama mji. Wadudu hufuata taa, dagaa hufuata wadudu, wavu huzungushwa chini yao. Kabla ya mapambazuko mitumbwi imerudi, na hapo kazi hupita mikononi mwa wanawake, ambao hununua kwa ndoo, wakawaanika dagaa juu ya mchanga au juu ya miamba. Jua likiwa kali, siku moja yatosha. Mvua ikinyesha asubuhi ile, mali ya usiku mzima huoza mbele ya macho ya mwenyewe, na mkopo aliouchukua kununulia haupunguki hata senti.

Dagaa aliyeanikwa chini hukusanya mchanga, na bei yake hushuka. Sehemu kubwa huishia kuwa chakula cha kuku. Dagaa yule yule akianikwa juu ya chanja ya miti na wavu, kimo cha kiuno, hukauka upesi kwa kuwa upepo hupita juu na chini yake, naye huuzwa kuwa chakula cha watu. Tofauti ni miti kadhaa, wavu, na turubai la kufunikia mvua ikija. Mtu mwenye mtaji wa wastani, akishirikiana na kina mama wa mwalo kwa chanja, ghala kavu na mifuko safi, atafanya jambo lenye faida kwake na kwao, wala hatahitaji kumwondoa mtu yeyote mahali pake. Nalisema hili kwa sababu fedha nyingi ziletwazo ukingoni mwa maji huanza kwa kuwaondoa watu.

Upande wa mbuga, habari ni za namna nyingine. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu na punda milia, yakihama, hupita sehemu hii ya magharibi yakielekea Mto Grumeti, ambao mamba wake wamesifika. Mgeni aliyelala Lamadi aweza kuingia lango la Ndabaka alfajiri, bila safari ndefu ya kutoka Arusha. Ila ajue kwamba udongo wa huko ni mweusi, ule unatao. Mvua za masika zikinyesha, gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne hukwama. Karibu pia liko Pori la Akiba la Kijereshi, ndani ya wilaya ya Busega.

Wanyama nao hawajui mpaka. Tembo hutoka usiku, wakaingia mashamba ya mahindi na pamba ya Busega, Bariadi, Itilima na Meatu, na kazi ya miezi sita huisha kwa saa mbili. Serikali hutoa malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa. Majina yenyewe yaonyesha kwamba si bei ya kitu kilichopotea. Basi mwenye kutaka kujenga nyumba ya wageni mpakani asistaajabu akikuta mwenyeji hamwangalii tembo kwa furaha ile ile aliyo nayo mtalii. Na asipande mahindi kuzunguka nyumba yake. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye kamba ya uzio imepata kuwazuia tembo mahali pengi Afrika ya Mashariki, maana mnyama huyo mkubwa huogopa nyuki. Tena huleta asali.

Tumesema mlango wa maji. Je, chombo cha kuvukia kiko wapi? Lamadi haina pantoni. Aendaye Ukerewe hufuata barabara hadi Bunda, akageuka magharibi kwa njia ya ukingo wa kaskazini wa ghuba hadi Kisorya, na hapo kivuko cha Serikali humvusha mlango mwembamba wa maji hadi Rugezi, kisha huendelea mpaka Nansio. Ng'ombe, magunia, baiskeli, magari na watu huvuka pamoja. Palipo na kivuko hukua haraka kijiji cha kungojea: mama wa uji, muuza samaki wa kukaanga, fundi wa baiskeli, chumba cha kulala kwa aliyechelewa. Anayefikiri kuweka mali yake mahali kama hapo ajiulize swali moja tu: nini kitatokea pasipokuwa na kungojea?

Jibu lake liko ng'ambo ya Mwanza. Miaka mingi msafiri wa Geita na Bukoba alisimama Kigongo akiungoja mvuko wa kwenda Busisi, pengine kwa saa mbili. Tarehe 19 Juni 2025 daraja lilifunguliwa hapo, lenye urefu wa kilomita 3, na gari sasa hupita kwa dakika chache bila kuzima mashine. Mgonjwa apelekwaye hospitali ya Bugando amepata uhai humo; hakuna mwenye akili atakayelia kwa ajili ya pantoni. Lakini aliyejenga kibanda chake kwa kutegemea foleni, foleni imekwenda zake. Hapo ndipo Lamadi inapopita vijiji vya vivuko kwa uthabiti: watu hawasimami kwa kuwa wamezuiwa na maji, bali kwa kuwa njia tatu zakutana. Tangu barabara ya lami ya Bariadi, yenye kilomita zipatazo 72, ilipofunguliwa mwaka 2017, pamba ya bara hushuka na dagaa hupanda kwa njia hiyo hiyo, na njia panda hiyo haivunjwi na daraja.

Neno kubwa lililobaki ni ardhi. Ndani ya mji mdogo viko viwanja vilivyopimwa, na hivyo huendeshwa kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Ukitoka nje kidogo umeingia ardhi ya kijiji, ambayo sheria yake ni nyingine, ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo. Huko mwenye kusimamia ardhi ni halmashauri ya kijiji, nayo hufanya hivyo kwa niaba ya wanakijiji. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji hicho, wake kwa waume, ndio wenye kukubali au kukataa. Mwenyekiti hana mamlaka ya kukuuzia ukingo wa ziwa akiwa peke yake chini ya mwembe, hata akikupa karatasi yenye mhuri. Ardhi ya kijiji isiyofika hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa, uamuzi ni wa mkutano mkuu; ikizidi hapo, mkutano hutoa maoni na Waziri huamua. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na hupitia mamlaka ya Serikali ya uwekezaji. Wenyeji nao wasisahau kudai malipo ya fidia yakubaliwe kabla ya ardhi kuhama, na katika mkutano waulize wazi: je, njia ya kushukia majini itabaki? Ng'ombe watanywa wapi? Mwalo utahamishiwa wapi? Maswali hayo yasipoulizwa siku hiyo, mara nyingi hujibiwa baadaye na ukuta.

Kadhalika iko Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo kazi za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wajenzi wengi huiona sheria hiyo kuwa udhia. Mwaka 2020 Ziwa lilipanda kuliko ilivyopata kuonekana kwa zaidi ya miaka hamsini, likaingia nyumba, mashamba na mialo pande zote za nchi tatu. Waliokuwa wamejenga nyuma ya mita hizo walitazama kwa mbali.

Wenyeji wa bara wanalingojea Ziwa kwa haja nyingine. Uko mradi mkubwa wa kupandisha maji yake kwa mabomba kutoka Busega hadi Bariadi na Itilima, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliukubali mwaka 2017, kwa kuwa nchi hiyo hupata ukame mara kwa mara. Mwenye kufikiria kiwanda cha nyuzi, cha mafuta ya mbegu za pamba au cha ngozi katika mkoa huu, na afuatie kwanza habari za bomba hilo, kisha ndipo aulize bei ya kiwanja.

Mgeni wa kutembea tu namwonya juu ya jambo moja. Maji ya ukingoni yana konokono wachukuao kichocho. Asioge wala asichezeshe miguu humo, hata akiona watoto wakifurahi. Dawa ipo, lakini kuugua hakupendezi. Akikutana na wazee njiani asubuhi na aseme Mwangaluka, na mchana Mwadila. Salamu hizo mbili za Kisukuma zitamfungulia mazungumzo marefu, na huenda zikamletea sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo huliwa vizuri kwa karanga. Na kama anatoka Bariadi kwenda Ukerewe siku hiyo hiyo, basi na aondoke kungali mapema, aulize Bunda saa za pantoni, asije akafika Kisorya wakati kivuko kimekwisha kufungwa upande wa pili.